Samaki Aliyelazwa

Watu hawana dogo. Ukifiwa na mkeo ukalia, watasema unalia ili uonekane. Usipolia, watakupa jina. Huyu wetu hakulia, wakampa jina: Ganzi. Na jina lenyewe lilimkaa kama la kuzaliwa nalo, maana alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na ndiye aliyeandaa sindano za ganzi kila asubuhi, akazipanga kwenye trei kando ya koleo, akawafunga wagonjwa kitambaa kifuani na kuwaambia maneno yaleyale: "Utasikia kama umeng'atwa na siafu, halafu husikii kitu. Ila usile mpaka iishe, utajitafuna shavu bila kujua." Hata wagonjwa walilidaka jina. "Ganzi yupo leo?" wanauliza mapokezi. Yupo, atakwenda wapi?

Tangu mazishi, alikuwa anafanya kila kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angejilaza tu kitandani, watu wangejua la kufanya: wangemletea uji, wangemkalia kitako na kumsemesha. Yeye aliamka, akapiga pasi shati, akaenda kazini, akarudi, akala, akaosha sahani. Ukimwuliza unaendeleaje, anakujibu, "Naendelea." Anaendelea kuelekea wapi, hasemi. Chakula hakikuwa kitamu wala kibaya. Redio ikiongea aliiacha iongee. Siku moja kazini alimwagikiwa na chai ya moto mkononi, na dada wa mapokezi ndiye aliyepiga kelele. Ganzi aliutazama mkono unavyobadilika rangi, akaenda kuuweka chini ya bomba kwa sababu aliambiwa auweke.

Sasa, huyo samaki. Kwenye chumba cha kusubiria palikuwa na chombo cha kioo, na ndani yake samaki mmoja wa mapambo, wale wanaoitwa beta, rangi ya damu ya mzee, mapezi marefu yanaburuta kama gauni la kuazima. Aliishi peke yake kwa kuwa samaki wa aina hiyo hapatani na mwenzake; ukimsogezea kioo anajitunisha na kutaka vita na sura yake mwenyewe. Dada wa mapokezi alimwita Bosi. Wagonjwa walimkodolea macho yeye ili wasisikilize mlio wa mashine kule ndani, kwa hiyo na yeye alikuwa mfanyakazi kama wengine, ila hakuwahi kuchelewa.

Bosi akaugua. Tumbo likavimba, akaanza kuogelea upandeupande, kisha hata huko kuogelea akaacha, akawa anaelea kwa ubavu na jicho moja limetazama dari. Mgonjwa mmoja, bibi mtu mzima, alimwona akasema kama hapa hata samaki hawaponi, yeye na jino lake wanarudi nyumbani. Daktari akatoka na glavu zake mkononi.

"Mtoeni huyo. Samaki mmoja akioza..."

"Yuko mmoja tu, daktari," dada wa mapokezi akamkumbusha.

"Basi mtoeni hivyohivyo."

Aliyemtoa ni Ganzi. Alitumwa akammwage chooni. Akaenda naye mpaka mlangoni, akasimama pale muda, kisha akageuka, akachukua kopo la plastiki la kuwekea pamba, akamtia Bosi na maji yake, akarudi naye nyumbani. Usiniulize kwa nini. Yeye mwenyewe aliulizwa, akasema, "Kopo lilikuwa na mfuniko."

Aliyemwuliza ni mama mkwe wake. Mama huyu alikuja kwenye msiba wa binti yake, na msiba ulipokwisha hakuondoka. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alishika jiko, akashika ufagio, akashika funguo za kabati. Hakuna aliyemwambia baki, hakuna aliyemwambia nenda. Lakini mtu na mama mkwe wake, jamani, mnajua wenyewe. Ni heshima tupu. Hawakai kochi moja, hawatazamani usoni, na miaka yote lolote la kusemwa lilikuwa likipita kwa marehemu. "Mwambie mama chai tayari." "Mwambie mumeo viatu vyake viko mlangoni, mtu ataanguka." Sasa aliyekuwa katikati hayupo. Wakabaki watu wazima wawili ndani ya nyumba ndogo, mmoja akikohoa kabla ya kuingia sebuleni, mwingine akiongea na vyombo. "Sufuria hii sijui inamngoja nani mpaka ipoe," mama anatangaza kutoka jikoni. Ganzi anasikia, anakuja kula.

Alipoletwa Bosi, mama akapata wa kuongea naye. Alimwekea kopo lake juu ya meza ndogo kando ya dirisha, akavuta kiti.

"Bosi, umemwona huyo baba? Hajagusa hata mboga."

"Nimeshiba, Bosi," Ganzi anajibu, macho kwenye sahani.

"Ameshiba nini, Bosi? Upepo?"

Ungepita nje ya dirisha ungedhani samaki ndiye mwenye nyumba. Na mama alimpenda kwa ukali wake hasa. Alimwonyesha kijikioo cha mkononi, na Bosi, mgonjwa vile, ubavu juu, akajaribu kutunisha mashavu. "Huyu wa kwetu kabisa," mama akasema. "Anakufa na bado anataka kugombana."

Lakini katikati ya nyumba ile palikuwa na jambo limelala, na wote wawili walikuwa wakilizunguka wasilikanyage.

Ilikuwa hivi. Mke wa Ganzi aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, akalazwa, na alfajiri akafa. Ganzi alipotoa simu ampigie mama, shemeji yake, kaka wa marehemu, aliyekuwa ndio kwanza amefika, alimshika mkono. "Shemeji, usimwambie kwenye simu. Yuko mbali, yuko peke yake, ataanguka. Mwambie amelazwa, hali si nzuri, aje. Akifika tutamwambia taratibu." Ndivyo watu wanavyofanya, na hawafanyi kwa ubaya. Habari ya kifo tunaikata vipande vidogovidogo, kama nyama ya mtoto, tukidhani ndiyo itamezeka. Ganzi akapiga. "Mama, amelazwa. Njoo." Mama akachemsha supu, akaitia kwenye chupa ya chai, akafunga nguo safi za mgonjwa na sabuni, akasafiri mchana kutwa. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu amponye mtu aliyekwisha kufa. Aliposhuka akaona viti vimepangwa nje ya nyumba, na wanaume wamevikalia bila kuongea. Supu ilikuwa bado ya moto.

Hapo kila mtu alidhani fulani atamwambia. Shemeji alidhani Ganzi, Ganzi alidhani shemeji, na wanawake walimpokea kwa kilio wakidhani ameshaambiwa. Kwa hiyo, kusema kweli, mpaka leo hakuna aliyemwambia. Kujua alijua, si alizika? Lakini kuambiwa hakuambiwa. Na mama huyu alikuwa anangoja kuambiwa na yule aliyempigia simu. Ndiyo maana hakuondoka. Ganzi alilijua hilo. Alikuwa akilifikia mpaka ulimini, akifungua mdomo anasikia yeye mwenyewe anasema, "Bosi, nimeshiba."

Kisha shemeji akapiga simu kusema Jumapili anakuja na gari kumchukua mama. "Mama, utakaa kwa mkweo mpaka lini? Watu wanasema."

"Nina mgonjwa," mama akamjibu. "Siachi mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Si samaki huyo?"

"Wewe ulipougua surua nilikuacha?"

"Mama! Mimi ni mtu!"

"Wakati ule hukuwa umefika kuwa mtu bado."

Shemeji akacheka, lakini akasema Jumapili atakuja hivyohivyo, na mama hakubisha tena. Ganzi alikuwa mlangoni akivua viatu, akasikia yote. Mama akiondoka ataondoka na swali lake, na baada ya hapo watakutana kwenye harusi na misiba, wataamkiana kwa heshima, na halitaulizwa tena mpaka mmoja wao naye azikwe. Hayo aliyajua kwa kichwa tu. Ni kama jino linapong'olewa baada ya sindano: unasikia linavyovutwa, unasikia hata mfupa unavyolia, na huumwi.

Bosi akazidi. Magamba yakaanza kusimama mwili mzima. Ganzi akapitia duka la samaki wa mapambo baada ya kazi, kwa mzee mmoja aliyeshinda na mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Anakula?"

"Hali."

"Magamba yamesimama?"

"Yamesimama."

"Ah." Mzee akafuta mikono kwenye aproni, jambo ambalo halikusaidia kitu. "Huyo mlaze tu, bwana."

"Nimlaze?"

"Unanukia karafuu, bila shaka unafanya kazi kwa daktari wa meno. Si mna yale mafuta? Tone moja kwenye maji, anasinzia. Ongeza mengine, haamki. Hasikii kitu. Usimwache ateseke."

Mtu aliyeishi kwa kuwaambia watu hawatasikia kitu aliambiwa hivyo, na akaona ni sawa. Kesho yake akachukua mafuta kidogo ya karafuu kwenye kabati la dawa, akayatia kwenye kichupa, kichupa mfukoni, akarudi nyumbani. Njiani aliipanga sentensi yake vizuri: Mama, hawezi kupona, nimeshauriwa tummalizie mateso. Sentensi fupi, haina hata neno gumu. Mtoto wa shule angeisema.

Mama alikuwa anasonga kitu jikoni. Hakugeuka.

"Bosi, mwulize baba, huyo fundi wa samaki anasemaje?"

Ganzi akafungua mdomo. "Amesema alazwe."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Ganzi aliutazama mgongo wa mama, na mgongo haukusogea. Kisha mama akavuta pumzi, akazima jiko, akajipangusa mikono.

"Alazwe," akasema. "Haya. Tumlaze."

Akatoa beseni jeupe la kufulia soksi, akalisugua, akalitia maji ya uvuguvugu kidogo tu, yanayofika nusu ya kidole, ili mgonjwa asihangaike kupanda juu kuvuta hewa, maana samaki huyu hupumua kwa kuinua mdomo juu ya maji. Akamhamisha kwa kikombe, taratibu, kama anayebeba yai. Akafunika nusu ya beseni kwa kitambaa ili mwanga usimchome macho. Akazima redio. "Wodini hakuna kelele," akasema. "Na wageni wote wanawe mikono." Ganzi alisimama palepale, kichupa mfukoni kimepata joto la paja. Neno lilelile, kwa mtu yuleyule, mara ya pili. Hata mwizi hubadilisha mtaa! Akatamani aone haya, akaitafuta hiyo haya, hakuipata ilipokaa. Asubuhi akayarudisha mafuta kabatini, na dada wa mapokezi akamwuliza mbona amevaa shati ndani nje.

Cha ajabu, kulazwa kulimfaa Bosi. Sikuambii alipona, hakupona. Lakini kwenye maji yale mafupi aliacha kuelea ovyo, akatulia chini kwa tumbo, na akitaka hewa anainua kichwa tu, mdomo umefika. Mama akamlisha kwa ncha ya kidole. Bosi akachukua punje moja, akaitema, akaichukua tena. Mama akapiga makofi. Ganzi akijitokeza mlangoni jioni anapokelewa na ripoti ya wodi: mgonjwa ameshindaje, amegeuka ubavu gani, amemtazama nani vibaya. Akaanza kurudi mapema. Kubadilisha maji kulihitaji watu wawili, mmoja anachota, mwingine anamimina, na mikono yao ikawa ndani ya beseni moja.

"Polepole," mama akamwambia siku moja. Hakusema Bosi mwambie baba. Alimwambia yeye.

"Ndiyo, mama," Ganzi akajibu, na kwa mara ya kwanza akaiogopa Jumapili. Aliiogopa tumboni hasa, mpaka akaacha chakula, na safari hii mama hakumtania.

Jumapili ikafika, kwani ina adabu? Shemeji akaegesha nje, akaliacha gari linanguruma ili ieleweke kwamba hakuja kunywa chai. Begi la mama lilikuwa mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa bafuni, maji yanasikika. Ganzi alikuwa amekaa kochini mbele ya beseni. Aliliona tukio lote. Bosi aliinua mdomo, akavuta hewa, akaushusha. Mapezi yakatandazika. Ganzi akangoja ainue tena. Akangoja mpaka maji ya bafuni yakafungwa.

Shemeji akaingia, akachungulia. "Huyu mbona amekufa?"

"Amekufa."

"Sasa sikiliza, shemeji." Akashusha sauti, akakimbilia kuvuta kitambaa kufunika beseni lote. "Usimwambie. Safari ndefu, ataanza kulia humo njiani, mimi naendesha. Mwambie amelala, anaendelea vizuri. Tukifika nitamwambia mimi, taratibu."

Ganzi akamtazama. Hakuwa mtu mbaya, shemeji. Alikuwa anampenda mama yake, na alikuwa na uso uleule wa kule hospitali, uso wa mtu anayetaka mwingine asiumie mbele yake.

"Shemeji," Ganzi akamwambia, "kaningojee garini."

"Lakini..."

"Garini, shemeji."

Mama akatoka amevaa nguo za safari, ananukia sabuni, anafunga kilemba. Akakiona kitambaa. Mikono ikabaki kichwani. Macho yake yakaondoka kwenye beseni yakamtazama Ganzi, usoni, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoze binti yake.

"Anaendeleaje?"

"Amekufa, mama."

Mama akashusha mikono. Akaja akakaa, kochi lilelile, kilemba hakijafungwa.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ulikuwa unaoga."

"Alihangaika?"

"Hapana. Alivuta hewa, akashuka. Hakupanda tena."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Mama akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayehakikishiwa jambo alilolikisia. Akafunua kitambaa, akamtazama Bosi, akamfunika tena. Akakunja mikono mapajani.

"Na mwanangu?"

Ganzi akamgeukia.

"Alfajiri," akasema. "Mama, nilipokupigia simu alikuwa ameshakufa. Hakuwa amelazwa. Alikuwa amekufa."

"Alihangaika?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Walinitoa nje wabadilishe shuka. Nikakaa kwenye benchi. Nililala. Usiku kucha sikulala, nikalala hapo. Nesi ndiye aliyeniamsha. Alikuwa peke yake, mama. Mimi nilikuwa nimelala."

Ikamuuma. Jamani, ikamuuma hatimaye, ikamuuma yote kwa pamoja, akainama pale kochini akalia mbele ya mama mkwe wake kwa sauti, kamasi na machozi, bila heshima yoyote. Mama naye alikuwa analia, ila yeye alikuwa amekaa wima na midomo ameibana, na mkono wake mmoja ulikuwa mgongoni kwa yule mtu mzima, unapapasa juu chini, juu chini.

Nje honi ikalia. Ikalia tena, ndefu.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kilemba.

"Nenda kamwambie azime gari," akasema. "Halafu uje unianzie mwanzo, tangu mlipotoka na mwanangu mlangoni hapo."